Jani Lenye Mikono

Bibi yangu aliuza mbegu za figiri kwa kijiko cha chai. Kijiko kimoja, kimesawazishwa kwa kidole kisiwe na kilima, kinafungwa kwenye kipande cha gazeti, na mnunuzi anaondoka akijua kwamba baada ya mwezi na siku kidogo atachuma mboga ya kweli: kali kiasi, yenye meno kingoni, isiyolegea ovyo sufuriani hata ikiungwa na karanga. Hakuwa na mizani wala kibao cha biashara. Alikuwa na jina tu, na jina hilo lilitoka bondeni kwake chini ya mlima Matogoro likafika Mfaranyaki na Lizaboni bila yeye kutoka nyumbani.

Bustani ilikuwa upande ambao vijito huteremka kwenda kuuanza mto Ruvuma. Utotoni tuliambiwa kwamba maji tuliyomwagilia matuta yangefika mpakani na Msumbiji, yaufuate mpaka huo hadi Bahari ya Hindi. Mimi niliyabeba kwa ndoo kila jioni, na sikuwahi kuyaona yakiwa na haraka ya kwenda popote.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, umri ambao mtu anajua karibu kila kitu. Septemba, tukiwa likizo, bibi aliitwa Peramiho kumuuguza dada yake. Alisimama mlangoni, khanga kichwani, akanionyesha bustani kwa mdomo, kama wanavyoonyesha wazee ambao mikono yao imejaa mizigo.

"Yale ya kule, ukiona maganda yamegeuka rangi ya nyasi kavu, kata asubuhi yakiwa bado na umande. Ukisubiri jua, yatapasuka na mbegu utaziokota na nani? Ya huku usiyaguse."

"Ndiyo, bibi."

Kule na huku. Kwake yeye aliyekuwa mlangoni, kule kulikuwa mwisho wa shamba, karibu na kijito. Mimi nilikuwa nimesimama kijitoni, ndoo mkononi.

Hapo lazima nieleze kilichokuwa "huku". Mwaka ule bibi alijaribu kupanda chainizi kwa mara ya kwanza, mbegu za pakiti, kwa sababu akina mama wa sokoni walimwambia watu wa mjini siku hizi wanataka mboga laini. Baridi ya Juni, ambayo Songea ikiamua huingia mpaka ndani ya blanketi, iliyakuta machanga. Yakakataa kujaza majani, yakapanda shina, yakachanua. Bibi aliyaacha yasimame kwa sababu nyuki walikuwa wakiyapenda, na kwa sababu alikuwa amechukia kuyatazama.

Zikiwa na majani, figiri na chainizi hata mtoto hazichanganyi. Chainizi ina jani pana na uti mweupe mnene ambao ukiuvunja unalia. Jani la figiri ni la kijani kilichoiva, limechongoka kingoni, na likiwa bichi linakwaruza ulimi kabla halijauwasha. Lakini mmea ukishaamua kuzaa, majani yale ya chini, ndiyo tunayoyajua kwa sura, hugeuka manjano na kuanguka. Shina hupanda hadi kifuani. Yanabaki majani madogo membamba ya juu, kila moja limesimama peke yake, na juu yake maua ya njano. Ni wakati huo, wakati mpita njia anaposimama kuisifia bustani, ndipo mimea hii miwili inapofanana kuliko siku nyingine zote za maisha yake.

Nilikata yote. Kule na huku.

Nilikata asubuhi, kwenye umande, sawasawa na maagizo. Nikaanika juu ya turubai, nikapiga kwa fimbo, nikapeta kwa ungo mpaka mgongo ukauma, nikazijaza chupa mbili za soda. Bibi aliporudi alizitazama juani akacheka: "Mbegu zote hizi? Figiri imezaa mapacha?" Nilifurahi sana. Kawaida yake, kabla ya kuuza mbegu, alikuwa akichukua punje tatu nne na kuzitafuna taratibu, macho amefumba. Mwaka ule jino lilikuwa likimsumbua. Hakutafuna. Ninalitaja jino hilo si kwa sababu nataka tugawane kosa naye, ingawa kwa muda mrefu nilitaka hivyo.

Kwa macho mbegu hizo huzitenganishi. Ni vidonge vidogo vya mviringo, kahawia kwa kahawia, na vikishakuwa pamoja ndani ya chupa hakuna ungo utakaovichagua. Bibi aliuza kijiko baada ya kijiko. Novemba, mvua za kwanza zikiwa zinanukia, wakaanza kuja. Wa kwanza alikuja kwa upole, akaomba maji ya kunywa, akaulizia hali ya mgonjwa wa Peramiho, kisha akafungua khanga na kuweka mezani majani mawili. Moja lilikuwa figiri. Jingine lilikuwa na uti mweupe mnene.

"Bibi, hii nayo ni figiri ya wapi?"

Walikuja sita. Wa mwisho hakuomba maji. Huyo alikuwa akipeleka mboga kwenye mgahawa mmoja mjini, na mwenye mgahawa alikuwa amemwambia aache kumletea majani ya kujazia fungu. Bibi hakubishana na hata mmoja wao, wala hakunitaja. Msimu mzima aliwalipa kwa mafungu ya figiri kutoka kwenye tuta lake mwenyewe, na sokoni siku zile alikwenda na kikapu nusu.

Jioni ya yule mwanamke wa sita alinishika mkono tukateremka bondeni. Kijitoni palikuwa na figiri mbili zilizojiotea, zimechanua. Huku, kwenye tuta lililokufa, palikuwa na shina moja la chainizi ambalo mundu wangu ulilikosa, limechipua upya pembeni, nalo lina maua. Alichuma tawi la kila upande akayaweka kiganjani kwangu.

"Tenganisha."

Nilitazama maua. Petali nne za njano, zimekaa kimsalaba. Petali nne za njano, zimekaa kimsalaba. Nilinusa. Nilihesabu vile viuzi vya katikati: sita hapa, sita pale, vinne virefu na viwili vifupi vya pembeni. Nilitafuta tofauti kwenye ua kwa dakika ambazo naona bado hazijaisha.

Bibi alichukua kidole gumba changu, akakiweka juu ya shina la kwanza, akakiteremsha. Kilishuka, kikapita penye jani bila kukwama. Jani lilikuwa limeshika shina kwa kikonyo kifupi, chembamba, kama mtu anayegusa ukuta kwa ncha ya kidole. Akakiweka juu ya shina la pili. Kikashuka, kikagonga. Pale jani lilipokutana na shina, kitako chake kilikuwa kimegawanyika kuwa ndewe mbili, moja huku na moja huku, zimezunguka shina mpaka karibu zikutane nyuma.

"Hili lina mikono," alisema. "Linakumbatia. Figiri haikumbatii."

Basi. Hakuongeza neno, tukapanda kwenda kupika.

Nilipofika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, mwaka 2000, nilikuta kwamba mikono ile ina jina la kisayansi refu na kwamba imeandikwa kwenye vitabu vyote. Nilikuta pia kwamba wataalamu wa mimea wanaiogopa familia hii, familia ya haradali, kwa sababu ileile iliyoniangusha mimi. Maua yake yanarudia wimbo mmoja: petali nne kimsalaba, stameni nne ndefu na mbili fupi, kutoka kabichi hadi magugu ya njiani. Jina lake la zamani la Kilatini, Cruciferae, maana yake ni zenye kubeba msalaba. Kwenye mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea yetu, Flora of Tropical East Africa, ulioanza kutolewa 1952 na kukamilika 2012 ukiwa na spishi zaidi ya 12,000, kitabu cha familia hii kiliandikwa na Msweden Bengt Jonsell kikatoka 1982. Ukikifungua ukiwa na ua tu mkononi, hufiki mbali. Kinauliza habari za ganda: refu au fupi, bapa au mviringo, ncha yake ina mbegu au ni tupu. Kinauliza habari za vinyweleo na za jani. Aliyeleta ua peke yake ameleta shahidi ambaye atasema "ndiyo" kwa kila swali.

Majina nayo hayakunisaidia. Ukisema figili kwa mzee wa pwani, au ukilitafuta neno kwenye kamusi, utapewa ule mmea wa mzizi mnene unaoliwa mbichi, neno lililotoka Kiarabu. Kwetu figiri ni majani. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Arusha, aliposikia sifa za figiri ya bibi alisema, "Ah, loshuu hiyo." Tukabishana wiki nzima, kila mmoja akitetea sufuria ya kwao, mpaka mhadhiri alipochora pembetatu ubaoni.

Pembetatu hiyo inaitwa pembetatu ya U, na U ni jina la mtu. Wakorea humwita Woo Jang-choon. Alizaliwa Japani mwaka 1898, mama Mjapani, baba Mkorea aliyekimbia kwao kwa sababu ya mkono wake katika mauaji ya malkia wa huko, naye akaja kuuawa huko ukimbizini mwanawe akiwa bado mdogo. Mtoto alikua, akasoma kilimo, na mwaka 1935 akachapisha makala iliyoonyesha kwamba katika jenasi ya Brassica kuna mimea mitatu ya asili, na mingine mitatu iliyozaliwa pale ile ya kwanza ilipokutana na kuunganisha kromosomu zake zote. Ukoo wa chainizi na tanipu una kromosomu 20. Haradali nyeusi, ambayo wafasiri wengi wa Injili wanadhani ndiyo yenye ile mbegu ndogo, ina 16. Kabichi na sukuma wiki ni mmea mmoja wenye sura nyingi, una 18. Jumlisha 20 na 16 upate 36: hiyo ndiyo haradali ya majani, figiri ya bibi. Jumlisha 16 na 18 upate 34: hiyo ndiyo loshuu. Na 20 na 18 ni 38, ile inayokamuliwa mafuta katika nchi za baridi.

Kuna jambo jingine lililogunduliwa baadaye, kwa kufuatilia vile vichembe vya kijani vya ndani ya jani ambavyo hurithiwa upande wa mama. Haradali nyeusi ni mama wa loshuu. Kwa figiri, haradali hiyohiyo ni baba. Mama wa figiri ni ukoo wa chainizi. Kwa hiyo mimi na mwenzangu wa Arusha tulikuwa tunagombea watoto wa mzazi mmoja, ambaye kwa mmoja ni mama na kwa mwingine ni baba, jambo ambalo mimea inaweza na sisi hatuwezi. Na mimi, mwaka 1996, nilikuwa nimechanganya chupani mama na mwanawe.

Likizo iliyofuata nilikwenda mbio kumweleza bibi. Alisikiliza huku akichambua mboga.

"Kwa hiyo figiri ni mtoto wa chainizi."

"Ndiyo, bibi. Na baba yake ni haradali nyeusi."

"Basi mtoto amekuwa mkali kuliko mama. Hilo nalijua tangu nimzae mama yako."

Ukali wenyewe una utaratibu wake, na bibi aliufahamu kwa meno. Ndani ya punje ya haradali kuna dawa iliyofungiwa chumba chake, na kimeng'enya kimefungiwa chumba kingine. Punje ikiwa nzima haina harufu. Ukiitafuna, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana kwenye mate, na baada ya pumzi moja moto unapanda puani. Mbegu za chainizi zina jamaa mpole wa dawa hiyo, kwa hiyo zinawasha kidogo na kunyamaza. Ndiyo maana alikuwa akifumba macho: alikuwa akisubiri ile pumzi moja. Na ndiyo maana figiri iliyochemshwa vizuri haiwashi, kwa kuwa moto wa jiko umeua kimeng'enya kabla hakijakutana na mwenzake.

Kidole gumba kile kilinifaa mara nyingine mbali sana na Songea. Mwaka 2002 nilipata kibarua cha mwezi mmoja Kilimanjaro, kubeba fremu za kukaushia mimea za watu waliokuwa wakikusanya sampuli. Juu ya Horombo, ambayo iko mita 3,720, tulikuta kwenye mwamba wenye unyevu kiua cheupe kisichofika magotini. Petali nne, kimsalaba. Mwenzetu mmoja alifurahi mno. Alikuwa na hakika ni Arabidopsis thaliana, kimmea kidogo kinachoota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, ambacho mwaka 2000 kilikuwa mmea wa kwanza duniani kusomwa jeni zake zote. Mwingine alisema ni Arabis alpina. Ukungu ulikuwa mzito, vidole vimekufa ganzi, na kwa upungufu ule wa hewa hata ubishi mdogo unakuwa mkubwa. Kila mmoja alikuwa akionyesha ua.

Nilipiga magoti nikateremsha kidole. Kikagonga. Jani lilikuwa na ndewe mbili, zimekumbatia shina, na juu yake vinyweleo vimesimama hadi jani linaonekana kama limepakwa vumbi. Arabis. Kile kingine, majani yake machache ya kwenye shina yamekaa tu, hayana mikono, na maganda yake ni membamba kama sindano za kushonea wakati ya Arabis ni marefu na bapa. Baadaye nilisoma nikajisikia nafuu: Linnaeus mwenyewe, mwaka 1753, aliiweka mimea hiyo miwili chini ya jina moja la Arabis. Ni mtaalamu wa mimea Heynhold, mwaka 1842, aliyekiita kile kidogo Arabidopsis, yaani kinachofanana na Arabis. Undugu wao, walivyokuja kuupima, si wa karibu kama sura inavyodai. Na ile tuliyoipiga magoti pale mwambani inaota pia Greenland na Svalbard, kwenye barafu ya kaskazini kabisa. Nilifikiria maji ya Matogoro yasiyokuwa na haraka.

Siku hizi wapwa zangu hunitumia picha kwa simu. Wamepita mahali, wameona maua, wanauliza ni nini. Picha huwa nzuri sana, ua limejaa kioo kizima, limepigwa kutoka juu. Huwajibu kwa ujumbe uleule: rudi, nipigie pale jani linapokutana na shina. Wengi hawarudi. Mmoja tu, wa Ruhuwiko, hunitumia siku hizi picha za vikonyo bila ua lolote, na sijui kama ananikejeli.

Bibi alifariki mwaka 2004. Katika vitu vyake, chini ya kitanda, nilikuta chupa zake za mbegu zimepangwa, midomo imezibwa kwa magunzi, majivu kidogo juu ya kila moja kuzuia wadudu. Mojawapo ilikuwa imefungwa kitambaa shingoni. Niliiuliza familia. Shangazi akacheka mpaka machozi: kumbe miaka yote ile, watu wakija kununua mbegu, bibi alikuwa akiwaambia ile yenye kitambaa haiuzwi, ni "figiri ya msomi".

Niliisia yote kwenye tuta moja kule kijitoni, Mei iliyofuata. Nyingi hazikuota, zilikuwa zimekaa mno. Ziliota kumi na moja. Sikuzigusa majani, nilitaka zichanue. Agosti zilifika kifuani, zote za njano, nami nikapita mmoja mmoja nikiteremsha kidole. Kumi zilikipitisha. Wa mwisho, karibu kabisa na maji, ulikikwamisha.

Niliuacha usimame. Nyuki walikuja kila asubuhi, wakahama kutoka kwake kwenda kwa wengine na kurudi, na Septemba maganda yakakauka kwenye mashina yote. Figiri hujichavusha yenyewe, kwa hiyo yale ya figiri yalikuwa yamejaa, ukiyaminya yanachacharika. Chainizi haizai kwa chavua yake, inahitaji mwenzake wa ukoo wake, na tuta zima halikuwa na mwingine. Nilichuma ganda lake moja, nikalipasua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na kile kiwambo cheupe cha katikati, chembamba kama ngozi ya kitunguu, na pande zake zote mbili hapakuwa na kitu.